Jicho Likifika Mbali Kuliko Risasi

Ziwa Tshangalele, nchini Kongo, lilitokana na mikono ya watu. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliuziba mto Lufira huko Mwadingusha, kwenye maporomoko ambayo Wabelgiji waliyapa jina la Cornet, ili ipate umeme wa viwanda vya shaba vya Likasi. Mtambo ulianza kazi mwaka 1930. Nyuma ya bwawa maji yalitandaa bondeni, mapana lakini yasiyo na kina, yakaota matete na mafunjo, na ndege wakaja. Wavuvi nao wakaja. Leo mtu akisimama ukingoni alfajiri huwaona bata wa mwituni mbele yake, mitumbwi nyuma yao, na nyuma ya mitumbwi matete yanayoficha mitumbwi mingine.

Mahali kama hapo swali dogo la dukani hugeuka kuwa swali la dhamiri. Mtu ana bunduki ndogo ya .22, ana kibali chake, na ana fedha kidogo za kununulia darubini ya kuifunga juu ya mtutu. Achague ipi? Muuzaji atamjibu kwa namba: mara nne, mara tisa, lenzi ya milimita 32, lenzi ya milimita 40. Namba hizo zina maana, na zitafafanuliwa hapa. Lakini chini yake kuna jambo ambalo wanazuoni na wanafalsafa wamelihangaikia kwa karne nyingi: je, mtu anayeona vizuri zaidi anapata haki kubwa zaidi ya kutenda?

Jibu linalotetewa hapa ni kwamba hapati, na kwamba bunduki ya .22 inalithibitisha hilo waziwazi kuliko silaha nyingine yoyote. Darubini hurefusha jicho na kuiacha risasi ilivyo. Katikati ya pale jicho linapofika na pale risasi inapoweza kufanya kazi yake kwa uhakika panabaki pengo, na viumbe wengi wanaojeruhiwa bure hujeruhiwa ndani ya pengo hilo.

Risasi ya .22 Long Rifle ilitengenezwa Marekani mwaka 1887 na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Fataki yake haikai katikati ya kitako cha ganda kama ilivyo kwa risasi kubwa. Imetandazwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini ya bunduki huugonga ukingo huo. Kwa hiyo ganda lazima liwe jembamba, na ganda jembamba halihimili mgandamizo mkubwa wa baruti. Matokeo yake ni risasi yenye uzito wa gramu 2.6, inayotoka mtutuni kwa kasi ya mita 330 hivi kwa sekunde, ikibeba nguvu ya jouli 140. Risasi ya AK-47 hubeba kama jouli 2,000. Risasi ndogo ni rahisi kwa bei, mlio wake si mkubwa, na bega karibu halisikii msukumo. Ndiyo inayotumiwa kujifunzia na kuwindia sungura, kwale na kanga. Ndiyo pia inayotumiwa kwenye Olimpiki katika shindano la mita 50, ambako duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 10.4. Katika shindano hilo darubini ni marufuku. Mshindani hulenga kupitia kitundu kidogo karibu na jicho na pete iliyo mbele ya mtutu.

Kando ya Lufira bunduki hiyo ni ya wachache. Mwindaji wa kijijini Kongo kwa kawaida hushika gobore lililotengenezwa na mhunzi, au bunduki ya marisawa ya kaliba 12, na zote mbili humlazimisha kusogea. Gobore halihitaji darubini, maana nguvu yake na macho ya aliyelishika huishia karibu mahali pamoja. Watu wa mtawala Msiri, waliotoka upande wa Unyamwezi katika karne ya 19 na kuijenga Bunkeya kaskazini mwa Likasi, waliwafuata tembo kwa silaha za namna hiyo. Aliyetaka kuua ilimbidi afike karibu kiasi cha kuweza kuuawa.

Darubini huvunja ulinganifu huo. Bunduki ya .22 iliyorekebishwa ipige katikati kwa mita 50, ikielekezwa kwenye shabaha ya mita 100 hupiga sentimita 15 hadi 20 chini yake. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni huisukuma risasi kando kwa sentimita kumi au zaidi. Sehemu ya mwili wa kanga ambayo ikipigwa anakufa papo hapo haizidi upana wa vidole viwili au vitatu. Darubini ya mara tisa haimwambii mlengaji lolote kati ya hayo. Inamwambia tu kwamba kanga yupo, kana kwamba ni mita kumi na moja mbele yake, madoa ya manyoya yanahesabika, ngozi ya samawati ya shingo inang'aa, kichwa kinageuka.

Macho hayana pazia, na mkono huamini kile ambacho jicho limekwisha kukiamini. Risasi inatoka, inashuka njiani, inavunja bawa au inapasua tumbo. Kanga anaingia kwenye matete na kufa taratibu hadi usiku. Aliyefyatua aliona kila kitu sawasawa. Kosa lake lilikuwa kuuchukua uwazi wa picha kama ushahidi kwamba anaweza.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hulitaja kwa nadra. Kadiri darubini inavyokuza, ndivyo eneo inaloonyesha linavyopungua. Darubini ya mara nne humwonyesha mtu upana wa mita tano hivi kwa umbali wa mita 50. Ikikuza mara tisa, humwachia mita mbili. Vilivyo nje ya duara hilo ni kama havipo kwake. Kwenye ziwa lenye wavuvi hilo ni jambo la uhai na kifo, kwa sababu risasi ya .22 ni laini na ya mviringo puani. Ikigonga maji kwa pembe ndogo hudunda na kuendelea na safari yake, na ikitoka huru inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Bata amejaa ndani ya lenzi, anapendeza, yuko tuli. Mtumbwi uliojitokeza kwenye matete mita chache kulia kwake haumo. Mwenye jicho tupu angeuona.

Wanazuoni wa Kiislamu walilikabili tatizo la kupiga kwa mbali karne nyingi kabla ya bunduki, wakiwa na mshale mbele yao. Adiyy bin Hatim alimuuliza Mtume kuhusu mnyama aliyepigwa mshale kisha akapotea. Jibu lililopokewa katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim ni kwamba akimkuta baadaye, na hana alama nyingine ila ya mshale wake, anaruhusiwa kumla. Akimkuta ameangukia majini, asimle, kwa kuwa hajui kama aliuawa na mshale au na maji. Hukumu hiyo haipimi ustadi wa mlengaji wala ukubwa wa njaa yake. Inauliza anajua nini. Pale ujuzi wake unapokatika, na haki yake juu ya kile kiumbe inakatika, hata kama mshale ulikuwa wake na nia yake ilikuwa safi. Kwa mtu anayewinda bata juu ya maji ya Tshangalele fundisho hilo linamgusa moja kwa moja.

Mafundisho mengine mawili yanakaa karibu na hilo. La kwanza, lililosimuliwa na Shaddad bin Aws katika Muslim, linataka wema katika kila jambo hata katika kuua: anayechinja anoe kisu chake na ampunguzie mnyama maumivu. La pili ni katazo la kumfanya kiumbe hai kuwa shabaha. Imepokewa kwamba Ibn Umar aliwakuta vijana wamemfunga kuku wakishindana kumlenga mishale, akawakemea vikali. Mtu akiyaweka pamoja mafundisho hayo anapata kipimo kamili cha mwenye bunduki. Kunoa kisu, kwake yeye, ni kuirekebisha darubini kwenye karatasi kabla ya kwenda porini, na kujua risasi yake inaangukia wapi kwa mita 30, 50 na 70. Kumpiga ndege wa mita 120 ili aone kama itafika ni kumfanya kiumbe hai awe ubao wa majaribio, hata kama hakufungwa kamba.

Wakristo, walio wengi zaidi huko Haut-Katanga, wana andiko linalotoka upande mwingine na kufika palepale. Sura ya 17 ya Mambo ya Walawi inamtaka mtu aliyewinda mnyama au ndege aimwage damu yake na kuifunika kwa udongo, kwa sababu uhai umo katika damu. Wengi hawaishiki tena sheria hiyo kama ibada, lakini maana yake ingali na nguvu: uhai uliochukuliwa una hesabu, na hesabu hiyo hufungwa kwa mkono wa aliyeuchukua. Damu ya ndege aliyejeruhiwa na kupotelea kwenye matete haiwezi kufunikwa na mtu yeyote. Hesabu yake inabaki wazi.

Yupo atakayesema kwamba, ikiwa hivyo, darubini iachwe kabisa. José Ortega y Gasset, mwanafalsafa wa Hispania, aliandika mwaka 1942 tafakuri ndefu juu ya uwindaji, na hoja yake ni nzito. Binadamu anapoongeza nguvu ya zana zake, alisema, mwindaji wa kweli hujiwekea mipaka kwa hiari, ampe mnyama nafasi ya kutumia ujanja wake, la sivyo uwindaji unakoma na kuwa uangamizaji tu. Kwa mtazamo huo darubini ni zana inayompora mnyama nafasi yake.

Hoja hiyo inamfaa anayewinda kwa burudani, na Ortega aliwaandikia watu wa namna hiyo. Kwa anayetafuta kitoweo mambo ni tofauti. Nafasi ya kutoroka ina thamani kwa mnyama mzima. Kwa aliyevunjika mguu ni kuongezewa siku za mateso. Kama lengo ni kuua, na sheria inaruhusu, basi kinachodaiwa kwanza ni kifo cha haraka na cha uhakika, na hapo darubini inaweza kuwa msaada mkubwa: kwa mzee ambaye macho yake hayawezi tena kuunganisha ncha ya mtutu na shabaha, kwa mwanga hafifu wa alfajiri, kwa kutenganisha kichwa cha ndege na jani lililo mbele yake. Mtu anayekataa darubini kwa fahari ya uwindaji wa asili, kisha akakosakosa na kujeruhi, hajamtendea mnyama wema wowote.

Mfano wa Mskoti W. D. M. Bell unafundisha hapa, ingawa unaumiza. Mwanzoni mwa karne ya 20 aliwinda tembo Karamoja, Uganda, na katika eneo la Lado kwenye mpaka wa Kongo, akaua zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 ambayo wenzake waliiona ndogo mno kwa tembo. Aliweza kwa sababu alipasua mafuvu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi ukitazamwa kutoka kila upande, kisha akasogea karibu. Hesabu ya tembo wake ni msiba kwa bara hili, na hakuna sababu ya kuisifu. Lakini inaonyesha kwamba kinachoifanya risasi ndogo itoshe ni ujuzi wa kiungo na ukaribu. Inaonyesha pia, kwa uchungu, kwamba ustadi wa kuua vizuri haujibu swali la kama ilipasa kuua kabisa. Maswali hayo ni mawili, na hakuna lenzi inayojibu la pili.

Ardhi ya Likasi yenyewe ina ushuhuda mkubwa zaidi juu ya jicho na umbali. Kama kilomita 20 magharibi mwa mji uko mgodi wa Shinkolobwe. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alisafirisha zaidi ya tani elfu moja za madini ya urani kutoka huko hadi New York, na urani ya Shinkolobwe ikawa sehemu kubwa ya ile iliyotumika kuunda bomu la Hiroshima. Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, mlengaji wa ndege ya Enola Gay, Thomas Ferebee, aliinamia darubini ya kulengea aina ya Norden, akaliweka daraja la Aioi katikati ya alama, na kuachia bomu kutoka urefu wa zaidi ya mita 9,000. Daraja hilo lina umbo la herufi T, na lilichaguliwa kwa sababu linatambulika kirahisi kutoka angani. Inakadiriwa kwamba watu 140,000 walikuwa wamekufa kufikia mwisho wa mwaka huo.

Kulinganisha bomu hilo na bunduki ya kanga kunaweza kuonekana kuvuka mpaka, lakini pengo ni lilelile, limegeuzwa tu. Kwenye .22 jicho hufika pale ambapo nguvu haifiki. Kule Hiroshima nguvu ilifika pale ambapo jicho halikufika: lenzi ilionyesha daraja na haikuonyesha mtoto hata mmoja. Katika hali zote mbili picha ilikuwa safi, na katika zote mbili usafi wa picha haukusema lolote kuhusu kitakachowapata waliokuwa mbele yake. Anayetenda kwa mbali ana wajibu wa kujua zaidi ya kile kinachoonekana ndani ya duara. Ukubwa wa wajibu huo hutegemea nguvu iliyomo mkononi mwake, lakini hakuna nguvu iliyo ndogo kiasi cha kuufuta.

Mtu aliyelichunguza kwa kina suala la kutazama alizaliwa katika mji huohuo. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1941, na alifariki mwaka 2025 baada ya maisha marefu ya kufundisha na kuandika. Katika kitabu chake cha mwaka 1988, The Invention of Africa, alionyesha jinsi wasafiri, wamisionari na wataalamu wa Ulaya walivyoitazama Afrika kupitia viunzi vya maarifa walivyokuja navyo, na jinsi viunzi hivyo vilivyoamua mapema nini kitaonekana na nini kitabaki nje. Mudimbe hakuwa akizungumzia bunduki. Hata hivyo mtu akimsoma kwa makini hawezi tena kuamini kwamba kutazama ni kitendo kisicho na hatia. Anayetazama amekwisha kuchagua mahali pa kusimama, ukubwa wa duara, na kitu cha kuweka katikati. Kuchagua darubini dukani ni kuchagua hayo yote mapema, kabla ya ndege yeyote kutua.

Ziwa Tshangalele lina kisa kinacholionyesha jambo hili kwa ukaribu. Mwaka 1960 mtaalamu wa viumbe J.-C. Ruwet alimchukua hapo ndege mmoja wa jamii ya mnana, akawa kielelezo cha kuhifadhiwa. Mwaka 1982 Michel Louette na C. W. Benson walimtangaza kuwa aina mpya na kumpa jina la Ploceus ruweti. Kwa karibu nusu karne sayansi ilimjua kwa ngozi hiyo moja tu. Mwaka 2009 alionekana tena, hai, kwenye ziwa lilelile. Kwa mbali mnana huyu ni ndege mdogo wa manjano mwenye uso mweusi, kama minana wengine kadhaa wa Afrika. Anafanana sana na mnana wa upande wa Ziwa Rukwa nchini Tanzania, hata wataalamu wamewahi kujadiliana kama kweli ni aina mbili. Kumtambua kunataka jicho tulivu, darubini, na subira ya kutofautisha rangi ya kahawia kifuani na kichwani.

Kisa hicho kinaonyesha kazi ya kwanza ya darubini yoyote, iwe ya shingoni au ya juu ya mtutu: kujua huyu ni nani. Bonde la Lufira liliingizwa katika hifadhi za viumbehai za UNESCO mwaka 1982. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inamtaka mwindaji wa Kongo awe na kibali na inalinda aina nyingi za wanyama, na sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 inaidhibiti bunduki yenyewe. Sheria hizo zote hazina maana kwa mtu asiyeweza kutambua kilicho mbele yake. Lakini hapa ipo hatari ya pili: kumtambua ndege kupitia darubini ya bunduki ni kumwelekezea mtutu kabla ya kujua kama ni ndege. Nyuma ya matete panaweza kuwa na mtu. Kwa hiyo mwenye fedha za vifaa viwili anunue kwanza darubini ndogo ya mkononi ya kutazamia, kisha ile ya bunduki. Mwenye fedha za kimoja tu atazame kwa macho yake, asogee, na aiinue bunduki baada ya kuwa na uhakika.

Kwa msingi huo uchaguzi wa darubini ya bei nafuu unakuwa rahisi kuliko unavyoonekana. Mwaka uleule wa 1930 mitambo ya Mwadingusha ilipowashwa, Mmarekani William Weaver alianza kuuza darubini yake ya kwanza, Model 330, kwa dola 19 pamoja na vishikizo vyake. Kabla yake darubini nzuri ya bunduki ilikuwa kitu cha matajiri. Ilikuza chini kidogo ya mara tatu, na wawindaji wa kawaida waliiona inatosha. Inatosha hata leo kwa bunduki ambayo kazi yake ya uhakika haivuki sana mita 50 au 70.

Darubini ya mara nne isiyobadilika, yenye lenzi ya mbele ya milimita 32, ndiyo inayolingana na uwezo wa .22. Ukigawa 32 kwa 4 unapata 8, nao ndio upana kwa milimita wa mwanga unaotoka nyuma kuelekea jichoni. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi, na ya mzee chini ya hapo, kwa hiyo alfajiri mboni hupata mwanga wa kuijaza yote. Darubini ya mara tisa yenye lenzi ya milimita 40 hutoa milimita 4.4 tu. Zaidi ya hayo, darubini ya kubadilisha ukuzaji ina vipande vingi vinavyotembea ndani yake, na kwa bei ileile fedha iliyokwenda kwenye vipande hivyo imepunguzwa kwenye ubora wa kioo.

Jambo la pili la kuuliza dukani ni umbali ambao darubini imepangiwa na kiwanda. Darubini za bunduki kubwa hupangwa kwa mita 90 au 100 hivi. Zikitumiwa kwa mita 50, jicho likisogea kidogo pembeni, alama ya msalaba nayo husogea juu ya shabaha ilhali bunduki haijatikisika. Hiyo huitwa paralaksi, na kwa lenzi ya milimita 40 kosa lake linaweza kufika sentimita moja. Darubini zilizotengenezwa kwa ajili ya .22 hupangwa kwa mita 45 au 50. Mtu anaweza kulijaribu hilo bila kufyatua: aiweke bunduki tupu juu ya mfuko wa mchanga, aelekeze kwenye karatasi ya mita 50, kisha asogeze kichwa kushoto na kulia akitazama kama msalaba unatulia.

Ukubwa wa mgongo wa bunduki nao uangaliwe, kwani .22 nyingi zina mfereji wa milimita 11 na vishikizo vya bunduki kubwa havikai hapo. Uimara wa kupita kiasi hauna haja ya kulipiwa, kwa kuwa msukumo wa .22 ni mdogo, na darubini nyepesi itadumu. Kitu cha kulipia ni marekebisho yanayotii. Baada ya kufunga, mwenye bunduki afyatue risasi tatu, azungushe kirungu cha marekebisho cha juu hatua ishirini na afyatue tena, kisha cha kulia, kisha arudi chini, kisha arudi kushoto. Matundu ya mwisho yakiangukia juu ya yale ya kwanza, darubini ni ya kuaminika hata kama jina lake halijulikani. Yasipoangukia hapo, irudishwe dukani.

Baada ya hapo hubaki kumpima mtu mwenyewe. Risasi tano kwenye karatasi, kwa mkao atakaoutumia porini, kwa mita 30, kisha 40, kisha 50. Umbali wa mwisho ambao zote tano zinaingia ndani ya duara la sentimita tano ndio mpaka wake, na bata aliye ng'ambo ya mpaka huo ni wa kutazamwa tu. Kipimo hicho hurudiwa darubini ikigongwa na aina ya risasi ikibadilishwa, maana risasi za kiwanda kimoja na za kingine hazipigi mahali pamoja. Gharama yake ni boksi moja la risasi hamsini, na yafaa iingizwe katika bei ya darubini tangu siku ya kuinunua, hata ikibidi kuchukua darubini ya bei ya chini zaidi ili fedha ya boksi hilo ipatikane.